Picha za glama za zamani ufukweni, nyeusi na nyeupe: mwongozo kamili kuanzia kuchagua saa hadi kuprinti

Wengi wanafanya hivi: wanapiga picha ya rangi saa saba mchana, modo kasimama wima kama anasubiri gari, nyuma yake watu wanaoga, halafu wakirudi nyumbani wanabonyeza kitufe cha kuondoa rangi, wanamwagia chenga juu yake, basi hiyo ndo picha ya miaka ya 50. Haitoki hivyo bwana. Chukua picha moja ya zamani uikague taratibu, utaona kukosa rangi ni jambo dogo tu, kazi kubwa imefanywa na vitu vitatu: kamera imekaa chini, mbingu imetiwa giza makusudi, na mwili wa modo umepindwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida hasimami hata siku moja. Ukivipata hivyo vitatu hata simu itakupa kitu. Ukivikosa, hata kamera ya milioni ngapi itakupa picha ya pikniki.

Nianze na hili la kamera kukaa chini maana ndo siri ambayo watu hawaambiwi. Rolleiflex ilitoka mwaka 1929, ni kamera ya lenzi mbili moja juu ya nyingine, na huitazami kwa kuiweka jichoni, unainamisha kichwa unachungulia kioo kilicho juu yake huku kamera yenyewe imening'inia tumboni kwako. Kwa hiyo maelfu ya picha za enzi zile zimepigwa kutoka usawa wa kitovu. Kitu hicho kidogo kinabadilisha kila kitu: mstari wa bahari unashuka, modo anakatiza mbingu badala ya kukatiza mawimbi, miguu inarefuka, na takataka zote za ufukweni zinapotelea chini ya fremu. Kama kamera yako ni ya jichoni basi piga goti moja, au fungua skrini ya nyuma uishushe. Mimi magoti ya suruali zangu yote yana rangi ya chumvi.

Kuna picha ya George Hoyningen-Huene, mpiga picha wa mitindo, ya mwaka 1930, watu wawili wamekaa wametupa mgongo wanaangalia bahari mbele yao. Ukiambiwa hamna bahari pale unakataa. Ilipigwa juu ya paa la jengo Paris, ile "bahari" ni ukingo wa paa uliotoka nje ya fokasi na mbingu juu yake. Kwa hiyo usihangaike sana na ufukwe mzuri, unachotafuta ni mstari mmoja safi na eneo tupu juu yake.

Hatua ya kwanza: mapatano kabla ya kamera

Modo awe mtu mzima, miaka 18 kwenda juu, na uone kitambulisho, usiishie kwenye "ameniambia". Mwandikiane karatasi: picha zitatumika wapi, nani anaruhusiwa kuziuza, zipi zisitoke kabisa. Mwambie aje na rafiki yake kama anataka, tena mimi napenda aje nae maana huyo rafiki ndo atashika reflekta (ubao wa kurudisha mwanga). Beba khanga kubwa au kihema cha kubadilishia nguo. Na vazi gani litavaliwa mnakubaliana siku mbili kabla, ukianza kujadili mchangani huku jua linapanda ushaharibu siku. Glama ni mvuto na madaha, na modo akiwa na wasiwasi kamera inaona, mabega yanapanda juu kama anasikia baridi na hakuna filta ya kuyashusha.

Hatua ya pili: maji na jua

Angalia ratiba ya kujaa na kupwa kabla hujapanga siku. Wakati wa bamvua, yaani kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali sana na kukuachia uwanja mpana wa mchanga mbichi unaong'aa kama kioo. Hapo ndo pa kupigia, kivuli cha modo kinajiakisi chini, mchanga umeshikamana, na nyayo za watu wa jana zimefutwa zote. Ila kumbuka maji ya bamvua yakirudi yanarudi na nguvu, kama uko kwenye majabali weka mtu mmoja kazi yake ni kuangalia bahari tu, we ukishaingia kwenye kioo cha kamera huoni kitu kingine duniani.

Kuhusu jua, ushauri wa kila mtu ni asubuhi na jioni, sawa, saa moja hadi saa tatu na saa kumi hadi kumi na mbili zinakupa mwanga wa ubavuni unaochonga mwili. Lakini usiogope jua kali. Picha nyingi za zamani zilipigwa kwenye jua kali hasa, vivuli vyeusi vyenye kingo, ndo maana zina ule ukali. Angalia kivuli cha pua tu. Kikiwa kifupi na kimeelekea shavuni, sawa, kikishuka kikagusa mdomo mwambie modo anyanyue uso au asogeze kidevu upande wa jua. Mchanga mweupe nao ni reflekta ya bure, unarusha mwanga juu chini ya kidevu na kwenye macho, ukimkalisha modo badala ya kumsimamisha utaona uso unafunguka wenyewe.

Hatua ya tatu: vazi, nywele, mekapu

Bikini ya kisasa iliyozinduliwa na Louis Réard kule Paris mwaka 1946 ilikuwa vipande vidogo, lakini zilizozoeleka kwenye picha za miaka ile ni zile za chupi ya kupanda mpaka kitovuni au vazi zima lenye kamba ya shingoni. Hizo zinatengeneza kiuno. Epuka maandishi, zipu kubwa, na vitambaa vyenye nembo. Madoa ya duara na mistari vinakaa vizuri sana kwenye nyeusi na nyeupe kwa sababu havitegemei rangi. Bunny Yeager, ambae alikuwa modo kabla hajawa mpiga picha, alikuwa anashona bikini mwenyewe, na ukitazama picha alizompiga Bettie Page huko Florida mwaka 1954 utaona zimekaa mwilini kama zimechorwa. Zako za dukani zikilegea, pini za nyuma zinatosha, kamera haizunguki.

Vitu vya mkononi: kofia pana ya ukindu, miwani yenye pembe zilizonyanyuka, skafu, mwavuli. Mwavuli ni mzuri kuliko vyote kwa sababu unakupa duara kubwa nyuma ya kichwa na mikono inapata kazi. Mpiga picha André de Dienes alimpiga Marilyn Monroe na mwavuli ufukweni Long Island, New York, mwaka 1949 na mpaka leo watu wanaiga.

Sasa mekapu, hapa nilipigwa vibaya. Mkanda wangu wa kwanza wa ufukweni (nikisema mkanda nina maana ya filamu) nilifunga filta nyekundu, yaani kioo cha rangi mbele ya lenzi, modo kapaka lipstiki nyekundu ya moto, anapendeza mpaka wapita njia wanasimama. Nimesafisha mkanda, picha 12, midomo hamna! Uso mzima umekuwa kama yai. Sababu ni rahisi, filta nyekundu inapitisha kila kilicho chekundu, kwa hiyo chekundu kinatoka cheupe. Tangu siku ile nikiwa na filta nyekundu au ya chungwa namwambia modo apake lipstiki ya kahawia nzito au zambarau iliyokolea, nje inaonekana ya ajabu, kwenye picha inatoka mdomo haswa. Nyusi zikolezwe, wanja usiogopwe, na ngozi iwe na mng'ao kidogo wa mafuta mabegani na kwenye mifupa ya miguu. Kwa modo mwenye ngozi nyeusi huo mng'ao ndo picha yenyewe, mwanga unateleza kwenye umbo, kwa hiyo usimpake poda ya kuukausha, na usitumie filta nyekundu maana itaififisha ngozi ikose kina. Njano inatosha kabisa.

Hatua ya nne: mkanda, filta na hesabu

Ufukweni mwanga ni mwingi kupita kiasi, hivyo chukua mkanda wa ISO 100 au 125 (ISO ni wepesi wa filamu kuhisi mwanga), mimi natumia Ilford FP4 Plus ya saizi 120, ambayo kwenye fremu za mraba inakupa picha 12. Kumi na mbili tu. Itakufundisha adabu.

Hesabu ya mwanga haina uchawi. Kanuni ya zamani inasema jua likiwaka, weka spidi ya shata (muda ambao mwanga unaingia) karibu sawa na ISO, mfano 1/125, halafu tundu la lenzi f/16 (namba ya f ikipanda, tundu linapungua). Ufukweni mchanga na maji vinaongeza, kwa hiyo inakuwa f/22. FP4 basi ni 1/125 kwa f/22. Sasa funga filta: njano inakula stopu moja (yaani nusu ya mwanga), unafungua mpaka f/16. Ya chungwa inakula karibu mbili, f/11. Nyekundu inakula tatu, f/8. Na kwa kuwa f/8 inaacha nyuma kunaonekana sana, panda spidi: 1/500 kwa f/4, mwanga ni ule ule, na nyuma kunalainika. 1/500 ndo mwisho wa Rolleiflex nyingi, kwa hiyo unaona hesabu imeishia hapo hapo.

Filta inafanya nini hasa? Inakata bluu. Mbingu ni bluu, ngozi sio bluu, basi mbingu inakuwa nzito na mwili unatoka mbele kama sanamu. Masharti mawili lakini. Mbingu iwe bluu kweli, ikiwa imefunikwa na mawingu meupe hata ufunge filta tatu haibadiliki. Na usiielekeze kamera upande wa jua, mbingu yenye bluu nzito zaidi ni ile iliyo ubavuni, nyoosha mkono mmoja kwenye jua, mwingine uutoe pembeni kwa pembe mraba, huko ndiko. Kama mbingu imegoma kabisa siku hiyo, shuka chini tumia majabali au mchanga wenye mawimbimawimbi kama ukuta wa nyuma, filta iweke mfukoni.

Mita ya kamera itakudanganya hapa. Yenyewe inadhani dunia nzima ni kijivu cha kati, ikiona mchanga mweupe inasema "mwanga mwingi huu" inapunguza, na modo anatoka kama kivuli. Pima kiganja chako. Kigeuzie upande ule ule wa jua kama uso wa modo, sogeza kamera karibu mpaka kiganja kijae, soma, halafu ongeza stopu moja, maana kiganja cha karibu kila mtu ni cheupe kuliko kijivu cha kati kwa kiasi hicho, haijalishi rangi ya ngozi ya mwili. Ngozi ya modo ikiwa nyeusi sana na unataka kila kitu kionekane kivulini, ongeza nusu nyingine. Negativu, yaani mkanda ukishasafishwa, inavumilia mwanga ukizidi, ukipungua haikusamehe.

Hatua ya tano: pozi

Hapa tukae kidogo. Pozi la glama lina kanuni moja mama: uzito wote mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unabaki huru, goti linavuka kidogo mbele ya lile jingine, kisigino juu, vidole vya mguu vimeelekea chini. Nyonga zinageukia pembeni, mabega yanarudi kwenye kamera, kiuno katikati kinajikunja chenyewe. Mgongo upinde, kidevu mbele kidogo halafu chini kidogo, shingo inarefuka. Mikono isigande mwilini, acha upenyo wa mwanga kati ya kiwiko na kiuno, ukiziba huo upenyo umemnenepesha mtu bure. Vidole vya mkono kamera ivione kwa ubavu, usiruhusu kiganja wazi kama anasimamisha daladala.

Tatizo la mchanga ni kwamba unameza. Modo ananyanyua kisigino, vidole vinazama, mguu mzuri unaonekana umekatwa kwenye kifundo. Nilihangaika na hili muda mrefu mpaka nikaanza kubeba kipande cha ubao, saizi ya kitabu tu. Nachimba sentimita tatu, nalaza ubao, nafukia juu mchanga mwembamba, modo anasimama hapo kwenye ncha za vidole hatikisiki, na kwenye picha anaonekana anaelea juu ya mchanga. Usipokuwa na ubao nenda kwenye mchanga mbichi, umwagie maji uushindilie na mguu.

Mstari wa bahari usipite shingoni. Usipite kichwani pia wala machoni. Ukipita kwenye paja au chini ya goti unapendeza, ukishindwa ushushe kabisa. Na unyooshe hapo hapo, bahari ikilala upande inaonekana inamwagika.

Ukichoka na mapozi ya kusimama mwambie akimbie. Mwaka 1933 Martin Munkácsi, mtu aliyetoka kwenye picha za michezo, alimpiga Lucile Brokaw akikimbia ufukweni Long Island na vazi la kuogelea na joho la mabegani linapepea nyuma, kwa ajili ya jarida la mitindo Harper's Bazaar, wakati huo mitindo ilikuwa mambo ya kusimama tuli studio. Weka alama mchangani, fokasi kwenye alama, modo akimbie kwa kukatiza mbele yako sio kuja usoni, bonyeza mguu wa mbele ukiwa hewani. Kwa 1/500. Utapata moja kati ya tano, na hiyo moja inalipa.

Hatua ya sita: flashi mchana kweupe

Watu wanacheka nikitoa flashi juani. Yeager alijulikana kwa hilo hasa, modo anapewa mgongo kwenye jua, nywele zinapata mstari wa mwanga, macho hayajikunyati, halafu uso unajazwa na flashi. Fanya hivi: pima mandhari weka kamera yako, tuseme imetoka f/8. Flashi iweke itoe mwanga wa f/5.6, yaani stopu moja pungufu, ili kivuli kijae bila kujulikana. Kwa flashi ya mkono yenye namba ya nguvu 24 kwa mita kwenye ISO 100 (igawanye kwa umbali upate f), ukiwa mita 3 inatoa f/8 kwa nguvu zote, basi ipunguze nusu. Kamera za shata ya pazia zina kikomo cha spidi ya flashi, nyingi ni kati ya 1/60 na 1/250, za shata ya ndani ya lenzi kama Rolleiflex zinakubali spidi zote na ufukweni hiyo ni raha isiyo na mfano. Huna flashi? Shuka nyeupe kwa yule rafiki, upande wa pili wa jua.

Hatua ya saba: kusafisha mkanda

Safisha mwenyewe. Kuna mahali nilipeleka mikanda minne wakaisafisha kwa dawa iliyochoka, negativu zilirudi nyepesi kama plastiki ya mkate, tangu hapo sijapeleka. FP4 kwenye ID-11, dawa ya kusafishia, kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, nyuzi 20, dakika 11. Ila mwanga wa ufukweni ni mkali, weupe unaungua haraka, hivyo mimi napiga kwa kuongeza nusu stopu halafu nasafisha dakika 9 tu. Geuza tenki mara nne mwanzoni na kila dakika. Maji yako yakiwa ya moto kuliko nyuzi 20, punguza kama asilimia 10 ya muda kwa kila nyuzi moja. Stopu bafu (ya kusimamisha dawa) sekunde 10, fiksa ya haraka (ya kuifanya picha isibadilike tena) dakika 3 hadi 5. Kuosha hakuhitaji bomba kufunguliwa nusu saa: jaza maji geuza mara 5 mwaga, jaza geuza mara 10 mwaga, jaza geuza mara 20 mwaga, tone la sabuni ya kuzuia madoa, tundika.

Wa dijitali msiondoke. Piga RAW (faili ghafi lisilobanwa na kamera), panga skrini ya kamera ionyeshe nyeusi na nyeupe na fremu ya mraba ili jicho lifikirie hivyo tangu mwanzo, lakini rangi zibaki ndani ya faili. Kwenye programu shusha bluu, hiyo ndo filta yako ya chungwa, pandisha chungwa kidogo kwa ngozi, na nyekundu iache ilivyo midomo isipotee. Ukivuta bluu chini sana mbingu inaanza kuchafuka na kuota chembe mbaya na ukingo mweupe kuzunguka nywele, rudi nyuma. Ngozi usiifute matundu yote. Wakongwe walirekebisha kweli, kina George Hurrell kule Hollywood negativu zao kubwa zilikuwa zinachorwa kwa penseli moja kwa moja, ila walifuta doa na mkunjo mmoja mmoja, mng'ao wa ngozi waliuacha.

Hatua ya nane: kuprinti

Anza na filta ya kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) namba 3 kwenye karatasi ya kontrasti geugeu, ambayo filta ndo inaamua kontrasti yake. Print ya kwanza itatoka na mchanga wa mbele mweupe mno, unavuta jicho kutoka kwenye uso. Kata kadi, ikinge sehemu ya modo, ongeza mwanga kwenye mchanga na pembe mbili za juu, theluthi moja ya muda wa awali, huku unatikisatikisa kadi isiache mstari. Uso ukinge kidogo kwa kipande cha duara kwenye waya. Mbingu ikikaribia kijivu cha chuma na bado unaona mishipa ya wingu, achia hapo. Ukitaka sepia (rangi ya kahawia ya picha za kale) fanya nusu nusu tu, weupe ugeuke na weusi ubaki, ukizidisha inakuwa rangi ya chai.

Na kabla ya yote hayo, siku ile ile ukitoka baharini: kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi kwenye mwili wa kamera na miguu ya tripodi, brashi kwenye kila ungio. Kizungushio cha fokasi ukikisikia kinakwaruza usikizungushe tena hata kidogo. Mimi nilikizungusha "kuhakikisha", na ile lenzi mpaka leo iko kabatini inafokasi mita mbili tu.